Atakapopita Bi Ruqaya, Pangaboi Zizimwe

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Ruqaya Tamim, Mtafiti Mkuu wa maabara yetu ya tando za metali hapa Mbweni, anastaafu rasmi tarehe 31 Januari mwaka huu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha hafla, na Bi Amne wa mapokezi amenionya niandike ya heshima, nisilete mizaha yangu ya karakana. Nimemuahidi. Bi Amne mwenyewe atatokea humo mbele, na huenda ndiyo sababu ya onyo lenyewe.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Talib, fundi wa mashine. Bi Ruqaya nimemkuta hapa, na ikiwa kuna mtu aliyegombana naye zaidi kuliko mimi, basi hayumo katika kituo hiki. Kazi yetu ni hii. Tunachukua metali, tunaifanya nyembamba kupita kiasi, tunaipasha moto, tunaivuta mpaka ikatike, kisha tunaandika imehimili nguvu gani na imevutika kiasi gani kabla ya kukata tamaa. Jirani yangu wa Kiembe Samaki bado haamini kwamba nalipwa mshahara kwa hilo.

Unene na joto, hayo mawili tu ndiyo yaliyomuweka Bi Ruqaya hapa umri wake wote wa kazi. Kipande kinene cha dhahabu ni laini, ukikiuma kwa meno kinabaki na alama. Kipunguze mpaka kiwe utando, tando elfu tatu zikipangwa pamoja zisizidi unene wa unywele mmoja, na dhahabu ile ile inakuwa kaidi ajabu. Kisha ipashe moto kidogo, na ukaidi wote unaitoka. Kwa nini? Kiasi gani? Na ukizidi kuipunguza je? Hayo ndiyo aliyokuwa akiamka nayo. Ukutani maabarani kulikosekana alama moja ambayo alitamani kuiona kabla hajaondoka, nami nitaieleza kwa utaratibu, maana bila ya alama hiyo wasifu huu hauna maana.

Mapenzi yake na metali yalianzia nyumbani kwao Sokomuhogo, ndani ya sanduku la bibi yake. Mlikuwa na marinda ya harusi, ile suruali ya kike, yaliyotariziwa kwa nyuzi za zari. Ruqaya, wakati huo bado mtoto wa chuo cha Kurani, akataka kujua kama uzi ule ni dhahabu mpaka ndani. Akaufumua. Akakuta ndani ni pamba tupu, na dhahabu imezunguka kwa juu tu, nyembamba hata ukucha hauishiki. Bibi alipomkuta, goti zima la marinda lilikuwa limeshafumuliwa. Kipigo alikipata cha kutosha, lakini anasema hata kilipokuwa kinaendelea yeye alikuwa akijiuliza mbona uzi ule ukiukunja dhahabu yake haikatiki. Akaenda kusoma mbali, akarudi na shahada zake, na swali akarudi nalo vile vile.

Kila mtu anayeanza kazi hapa hupitishwa katika jambo moja na Bi Ruqaya. Humchukua mgeni mpaka dirisha la ua, humuuliza dhahabu ina rangi gani, naye mgeni hujibu manjano, tena kwa kushangaa kuulizwa. Hapo humpa fremu ndogo yenye utando, humwambia aweke jichoni atazame nje. Siku yangu nilitazama. Ua wote ulikuwa kijani. Kuta zilikuwa kijani, na mpilipili, na shuka za Bi Amne kambani, na paka aliyelala juu ya tangi, vyote vimezama ndani ya mwanga wa kijani kibichi kama vile tunaishi chini ya maji na hakuna aliyewahi kutuambia. Nilisimama pale hata nikasahau kilichonileta. Alipoichukua fremu yake mkononi mwangu, dunia ikarudi kuwa kavu na yenye jua, na nakiri kwamba nilisikitika. Dhahabu inapokuwa nyembamba kiasi hicho mwanga huipenya, na kinachopita ni hiyo rangi ya kijani. Nimeshaelezwa sababu yake mara nyingi na bado napenda kuitazama bila ya sababu.

Utando wenyewe hupatikana hivi. Dhahabu huchomwa ndani ya chumba kisicho na hewa mpaka ifuke, na ule mvuke hutua juu ya kipande cha chumvi. Chumvi ikitiwa majini huyeyuka, na utando hubaki unaelea peke yake, kama ule wa maziwa yaliyochemka, ila huu ukiupumulia umekwenda. Hapo lazima mtu aingize fremu chini ya maji na kuuopoa taratibu, usikunjike, usichanike, kisha autembeze mpaka kwenye mashine. Mkono wa kuopoa ulikuwa wa Bi Ruqaya. Wengine tulijaribu, tukachana, tukarudi kwenye kazi zetu.

Ndiyo asili ya desturi yetu ya pangaboi, ambayo wageni huiona ni kichekesho. Katika nyumba hii pangaboi za darini huzimwa kwa jambo moja tu, nalo ni utando unapopita kutoka majini kwenda kwenye mashine. Zikizimwa, kila mtu husimama alipo. Mkurugenzi husimama. Mwenye simu hunyamaza katikati ya neno, na joto la Kaskazi linatushukia sote kichwani. Bi Ruqaya hupita na fremu yake mbele ya kifua, viatu amevivua, na nyumba yote inakuwa kimya kiasi cha kusikia matone yanayodondoka kwenye tangi la ua. Nimetoka jasho mno katika maisha yangu kwa ajili ya kitu nisichoweza hata kukiona kikikaa kwa ubavu. Sijutii hata tone moja.

Sasa nifike kwa Bi Amne. Miaka kumi hivi iliyopita tulitazamia ugeni mkubwa, na Bi Amne, ambaye kwake mgeni kuingia nyumba isiyofukizwa ni aibu ya ukoo mzima, aliamka na udi wake. Akafukiza mapokezi, maktaba, mapazia. Akakumbuka kwamba wageni bila shaka wataonyeshwa yale makopo ya tando ambayo Bi Ruqaya anajivunia, nayo yananuka dawa za maabara. Basi akayaweka makopo juu ya tundu la kufukizia nguo, lile tenga la fito, chetezo na makaa yake chini, akayaacha kwa muda ambao angeliacha joho la bwana harusi. Kisha akayarudisha mahali pake, hakumwambia mtu, maana wema hautangazwi.

Mbele ya wageni Bi Ruqaya akatia utando kwenye mashine ili awaonyeshe ukaidi wake. Ukavutika kama halwa ya moto. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo inavyotakiwa, na Bi Ruqaya akatabasamu kwa midomo tu. Walipoondoka alinigeukia mimi, ati mashine yangu inasema uongo. Nikaifungua mashine skrubu moja baada ya nyengine nikaifunga tena, haina kosa. Kwa muda wa wiki nzima tulisalimiana kwa kutikisa vichwa. Kisha siku moja akaingia karakana, kopo mkononi, akaliweka chini ya pua yangu. Lilikuwa linanukia kama chumba cha bibi harusi.

Bi Amne alipoulizwa alikubali mara moja, tena kwa fahari. Sote tulitazamia radi. Bi Ruqaya akavuta kiti, akamuuliza makaa yalikuwa mangapi, ya mti gani, na tundu lilikuwa na urefu gani, kisha akamuomba kwa adabu kubwa alifanye jambo lile tena. Mwezi mzima Bi Amne alifukiza dhahabu, kipimajoto mkono mmoja na udi mkono wa pili, na kituo kikanukia hata wapita njia wakawa wanatuuliza harusi ni ya nani.

Jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Ndani ya metali mna punje, na katika utando mwembamba punje hizo ni ndogo na zimesongamana, ndiyo ukaidi wake. Joto likiingia, punje kubwa humeza ndogo, msongamano unapungua, na metali inalainika. Sisi tulikuwa tukianza vipimo vyetu kwenye joto la juu sana, na kumbe tando nyembamba zilikuwa zimeshamaliza kubadilika kabla hatujaanza kutazama. Joto la chetezo tu linazitosha. Tando nene zilizokuwa katika kopo lile lile hazikuonyesha hata dalili ya kujali. Makala ya Bi Ruqaya juu ya hayo yamesomwa mbali kuliko tulivyowahi kufika sisi, na mwishoni mwake Bi Amne ameshukuriwa kwa jina. Ukurasa huo uko kwenye fremu pale mapokezi, na asiyeuona kwa macho yake husomewa.

Kutokana na hayo, kina mama wa mwani wa Makunduchi walipata faida. Mabanda yao ya kukaushia mwani yalitandikwa plastiki iliyopakwa alumini ili irudishe jua, na kila msimu ule mng'aro ulikuwa ukipasuka na kubanduka. Aliyemfikishia habari ni Wanu Usi, mtafiti mwenzetu, mwenyewe mzaliwa wa huko na binti wa mkulima wa mwani. Bi Ruqaya akaenda naye, akaweka kiganja juu ya plastiki saa ya jua kali, akasema alumini hii ni nyembamba mno na kila siku inakaa juu ya chetezo. Ikaletwa ya unene mwengine, na hiyo inadumu. Kina mama walimsema kwa Kimakunduchi mbele ya uso wake huku wakicheka, Wanu akakataa katakata kutafsiri, lakini pweza waliompa Bi Ruqaya siku ile ilibidi wabebwe na watu wawili.

Sasa ile alama. Ukutani maabarani pana karatasi kubwa yenye mstari, na kila alama juu ya mstari huo ni tando zilizopashwa joto la chetezo na kuvutwa, kuanzia nene kabisa kwenda nyembamba. Mwisho kabisa, mahali pa utando mwembamba kuliko zote, palikuwa na duara dogo la penseli. Bi Ruqaya alilichora mwenyewe, kuonyesha wapi anaamini alama itaangukia: kwa kuwa utando ni mwembamba kuliko zote, utalainika na kuvutika kuliko zote. Duara lilikaa miaka. Utando huo haukuwahi kufika kwenye mashine mzima. Ulichanika majini, ulichanika kwenye fremu, siku moja ulichanika kwa sababu nilipiga chafya chumba cha pili, na hilo nimelisikia mpaka leo.

Mwaka jana mikono ya Bi Ruqaya ikaanza kutetemeka. Tulijua kwa kikombe cha kahawa, kilivyokuwa kinagonga kisahani. Kisha akawa anakishika kwa mikono miwili, kisha akasema kahawa ameacha, haimpendi. Lakini mtetemeko mdogo ukiingia majini unakuwa wimbi, na utando huo ni wimbi gani utalihimili? Wanu alikuwa pale, mkono wake umetulia, na tando nyengine zote alikuwa ameshazimudu. Huo mmoja Bi Ruqaya hakumpa.

Wiki mbili kabla ya leo, pangaboi zikazimwa asubuhi. Tukasimama. Ukachanika. Zikazimwa tena, tukasimama tena, ukakunjika majini ukapotea kama ulioyeyuka. Mara ya tatu fremu yenyewe iligonga ukingo wa beseni, tukasikia sote. Bi Ruqaya akavua miwani, akatoka barazani. Nikamfuata na gilasi ya maji. Akaniambia kwamba atalifuta lile duara aondoke, kwani watu wazito kuliko yeye wameondoka na mapengo makubwa zaidi. Tukakaa tukitazama ua, jua limeujaa. Maji hakuyanywa.

Kisha akasema, "Talib, naogopa kumpa Wanu."

"Unaogopa atauchana?"

"Naogopa atauweza."

Nimemuomba ruhusa kuyaandika haya katika kijitabu cha heshima kama hiki. Amenijibu niandike, kwani hayo ndiyo magumu aliyoyafanya hapa, na mengine yote yalikuwa starehe.

Akarudi ndani, akamwita Wanu, akampa fremu. Wanu hakuipokea kwa haraka. Akamuuliza, "Bi Ruqaya, nikiuchana?"

"Mimi nshazichana nyingi kuliko utakazowahi kuziona. Opoa."

Akavuta kiti karibu ya beseni na akaikalia mikono yake miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa halwa kabla wageni hawajaja. Pangaboi zikazimwa. Wanu akaiingiza fremu chini ya maji, na nadhani hapana aliyepumua kuanzia pale mpaka mapokezi. Utando ukapanda juu ya fremu ukakaa. Akavua viatu. Akapita mbele yetu polepole, na jua la dirishani likaupenya utando, likatupa kipande cha kijani juu ya sakafu kilichokuwa kikitembea mbele ya miguu yake. Machozi yalinitoka na sioni haya kusema. Bi Ruqaya alikuwa akikitazama kile kipande cha kijani tu, mpaka kikaingia ndani ya mashine yangu.

Tukaupasha moto. Tukachungulia kwa zamu katika kijidirisha cha tanuri la mashine. Tulitazamia ulainike. Badala yake ule ukijani ukaanza kutoboka, vitone vya mwanga mweupe vikazuka hapa na pale, vikakua, vikakutana. Nilipoanza kuuvuta, haukuvutika hata kidogo. Ulikatika pale pale. Wanu akaweka mkono mdomoni, akidhani ni yeye aliyeuharibu.

Bi Ruqaya akavaa miwani, akasoma namba, akataka mwengine. Wanu akaopoa mwengine. Yakawa yale yale. Akataka wa tatu, jasho linatutoka, na wa tatu nao ukatoboka na kukatika vile vile. Basi haikuwa mkono wa mtu. Ndivyo dhahabu yenyewe ilivyo ukiifikisha huko: haina tena unene wa kulainika, ikipata joto inajikusanya na kuacha matundu. Kanuni aliyoijenga kwa miaka yote ilikuwa kweli mpaka hatua ya mwisho kabisa, na hatua ya mwisho ikaikataa.

"Nimekosea," alisema Bi Ruqaya, na alivyolitamka neno hilo ungedhani anatangaza posa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akalifuta duara lake kwa kidole, akampa Wanu ile penseli atie alama ya kweli. Ikaangukia chini kabisa, mbali na duara, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angepaelekeza kidole. Akamwambia Wanu kwamba alikuwa anahuzunika kwa kudhani anamuachia kazi iliyokwisha. Bi Amne akaleta kahawa kwa wote, na Bi Ruqaya akainywa yake kwa mikono miwili, kikombe kikigonga kisahani, bila ya kumficha mtu.

Anaporudi Sokomuhogo amesema la kwanza ni kumtafuta mtu wa kuyatarizi upya yale marinda, goti la kulia, maana bibi yake hakuwahi kumsamehe kwa maneno. La pili ni kulala mpaka jua liingie chumbani. La tatu amekataa kuniambia, ati nitaliandika.

Bi Ruqaya, tunakushukuru kwa elimu, kwa ukali wako uliotufaa, na kwa ule ua wa kijani ambao kila mmoja wetu anao kichwani. Mwenyezi Mungu akupe afya, utulivu na umri wenye kheri, na mlango wako tutaugonga, upende usipende.

Mwisho, tangazo dogo kwa wageni waalikwa. Hafla itakapomalizika, Bi Ruqaya atainuka kitini kwake na kutembea mpaka mlangoni. Katika muda huo pangaboi zote za ukumbi zitazimwa. Tunajua ni Januari na mtatoka jasho. Tunakuombeni kila mmoja asimame alipo, na asitembee mpaka awe amepita.